Dizeli ya salfa 50: tathmini ya fundi wa pampu, Changamwe

Dizeli tunayojaza Mombasa siku hizi, ile ambayo salfa yake haitakiwi kuzidi 50, naipa nyota nne kwa upande wa salfa na mbili kwa upande wa aromatiki, zile sehemu za mafuta zinazopenda kuacha masizi. Nimezitenganisha makusudi. Wateja wanaoniletea pampu huisifu au kuilaumu kama jambo moja, ilhali mimi nikikifungua chuma mezani naona mambo mawili: moja limefanywa na likafanywa vizuri, jingine limeachwa nusu.

Mimi ni fundi wa pampu na nozeli. Karakana yangu iko Changamwe, karibu na njia ya malori yanayotoka bandarini kwenda Nairobi, Malaba na mbele yake Uganda. Nafungua injekta pampu, nabadilisha plunja (chuma kinachosukuma mafuta ndani ya pampu) na sili, naipandisha kwenye benchi na kuipima upya hadi kila silinda ipate mafuta sawa na mwenzake. Malori ndiyo riziki yangu kubwa, yakifuatiwa na matatu na tuktuk za dizeli. Dereva huyajua mafuta kwa bei na kwa nguvu za gari mlimani. Mimi nayajua kwa alama yanazoacha kwenye chuma.

Hiyo 50 ni gramu za salfa katika kila tani moja ya dizeli, au sehemu 50 kwa milioni. Ikitajwa hivyo haina uzito masikioni, kwa hivyo fanya hesabu ya tangi. Lita moja ya dizeli ina gramu 840 hivi. Trela lenye matangi ya lita 600 limebeba kama kilo 504. Kwa dizeli ya 500, humo ndani mna gramu 252 za salfa, yaani robo kilo nzima. Kwa dizeli ya 50 zimebaki gramu 25. Kwa dizeli ya 10, ile wanayotumia Ulaya tangu 2009, ni gramu 5 tu. Na salfa haitoki kama ilivyoingia. Ikiungua hushika oksijeni, na sehemu yake ikikutana na mvuke wa maji inakuwa asidi ya salfuriki, asidi ileile iliyomo kwenye betri. Gramu moja ya salfa ikigeuka yote inatoa gramu tatu za asidi. Nyingi hutoka nje kama gesi, lakini hiyo kidogo inayobaki ndani ya silinda ndiyo inayokula laina, yaani ala ya ndani ya silinda, na ringi za pistoni.

Badiliko la kwanza nililoliona baada ya Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipohamia kiwango cha 50 kwa pamoja, lilikuwa kwenye oili. Oili ya injini ya dizeli huwekwa dawa ya kuzimua asidi, na dawa hiyo huisha kadiri inavyotumika. Zamani malori yaliyoharibika mapema zaidi hayakuwa yale yaliyopanda milima yakiwa na mzigo. Yalikuwa yale yaliyolala kwenye foleni ya bandari injini ikinguruma bure. Injini inayonguruma bila kazi haipati joto la kutosha kufukuza mvuke, maji hutulia kwenye kuta za silinda, na asidi hupata pa kukaa. Laina ikitolewa unaikuta na madoa ya kutu yaliyochimbika, kwenye gari ambalo halijatembea sana. Madoa yale siku hizi ni nadra mezani kwangu. Harufu nayo imepungua. Aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana iliyofungwa pande tatu, lori likiwashwa ndani, anajua macho yalivyokuwa yakiwasha.

Hiyo ndiyo nyota nne. Ni mabadiliko ya kweli, hayakuja na kelele nyingi, na naona hayajashukuriwa vya kutosha. Yalikuja kwa njia ileile iliyoondoa risasi kwenye petroli mwaka 2006: kiwango kiliandikwa, wauzaji wakapewa tarehe, meli zikaanza kuleta kilichoandikwa.

Kusafisha kwenyewe hakufanyiki kwetu. Minara ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe naiona nikienda kazini. Kilianza 1963, kikaacha kusafisha mafuta ghafi 2013, na matangi yake sasa ni ya kuhifadhia, chini ya Kenya Pipeline tangu 2023. Kilikuwa kiwanda cha aina nyepesi, bila mitambo ya kuvunja mafuta mazito, na Essar ya Uhindi, iliyokuwa imeshika nusu ya hisa, ilipopiga hesabu ya kukiboresha iliona hailipi. Kwa hivyo dizeli yetu yote huja ikiwa imekwisha kusafishwa, na tangu 2023 huletwa kwa mkataba wa serikali na kampuni za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Usafi wake umeamuliwa huko kabla meli haijaonekana Kipevu, kwenye gati la mafuta la Mombasa.

Ami yangu alifanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda kimoja cha Ghuba, kwenye kitengo cha kutoa salfa, kabla ya kurudi Kisauni. Ninayoyajua kuhusu upande huo ameniketisha na kunieleza yeye, na hachoki kuulizwa. Mafuta huchanganywa na haidrojeni, hupashwa hadi nyuzi 300 na zaidi, pengine karibu na 400, kisha husukumwa kwa presha ya makumi ya mara ya hewa tunayovuta, kupitia pipa refu la chuma nene lililojazwa vidonge vidogo. Vidonge hivyo ndivyo kichocheo, kitu kinachoharakisha kazi. Ni alumina iliyopakwa kobalti na molibdeni, au nikeli na molibdeni. Juu ya vidonge haidrojeni huibandua salfa kutoka kwenye mafuta, na salfa huondoka ikiwa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka mayai viza na inayoua. Haiachiwi hewani. Hunaswa kwa kimiminika kiitwacho amini, kisha hupelekwa kwenye mtambo mwingine unaoirudisha kuwa salfa tupu ya manjano.

Salfa ile ya manjano haiishii jangwani. Shehena za salfa hushuka Dar es Salaam na Beira zikapakiwa malori hadi Katanga, ambako migodi huigeuza asidi ya kuchujia shaba na kobalti. Na kobalti nyingi ya dunia hutoka hukohuko Congo, ikiwemo ile inayopakwa kwenye vidonge vya kutolea salfa. Lori linalopanda na salfa kwenda Kolwezi linaweza kuwa linaunguza dizeli iliyosafishwa kwa madini ya Kolwezi. Hakuna biashara ninayoijua iliyofungamana hivyo.

Nilimuuliza, "Ami, mbona tusitoe yote mara moja, ikawa sifuri?"

"Mwanangu," akanijibu, "salfa ya mwanzo hutoka kwa salamu. Ya mwisho hutoki nayo ila kwa vita."

Maelezo yake ni haya, na ndiyo yanayonifanya nisiizungumzie salfa peke yake. Salfa nyingi katika mafuta hukaa mahali pa wazi, kichocheo huifikia na kuing'oa. Ile inayobaki mwisho imejificha katikati ya duara za kaboni, na kila upande wake pana kishungi cha kaboni kinachoizuia isiguse kidonge. Kuifikia kuna njia moja ya maana: kwanza uishibishe duara moja kwa haidrojeni, ilegee na kujikunja, ndipo salfa ijitokeze. Nikeli na molibdeni hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kobalti. Lakini duara zile zenyewe ndizo aromatiki. Ukishuka kutoka 500 hadi 50 unaweza kuziacha kama zilivyo. Ukitaka kufika 10 huna budi kuanza kuzigusa.

Basi nifike kwenye nyota mbili.

Aromatiki ni sehemu ya mafuta ambayo kaboni zake zimeshikana duara, sita sita. Kuna zenye duara moja, na kuna zenye mbili, tatu au zaidi. Kwenye dizeli ya kawaida huwa kati ya sehemu moja ya tano na sehemu moja ya tatu ya mafuta yote. Tafakari hapo: salfa tunaihesabu kwa sehemu za milioni, aromatiki kwa asilimia. Zinachelewa kuwaka, kwa hivyo hushusha setane (kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka), na zikiwaka hupenda kuacha masizi. Moshi mweusi unaouona trela likipanda Mazeras haukutengenezwa na salfa. Umetengenezwa na mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha, na mafuta yenye duara nyingi ndiyo ya kwanza kuwa masizi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Sisi tunaoshinda tumeinama nyuma ya magari tuliyasikia hayo kwa namna yetu.

Mteja akiniambia, "Fundi, mafuta sasa ni masafi, mbona gari bado linatoa moshi?" simwambii anakosea. Kwanza naangalia nozeli, filta ya hewa na taimingi, kwa kuwa mara nyingi kosa liko hapo. Pampu ikiwa sawa na nozeli zinanyunyiza vizuri, moshi uliobaki ni swali la mafuta na umri wa injini, wala 50 haikuahidi kuliondoa.

Nchi zilizoamua kuzishughulikia aromatiki zipo, na si jana. Uswidi mwaka 1991 ilipunguza kodi kwa dizeli ya daraja la kwanza, yenye salfa isiyozidi 10 na aromatiki zisizozidi asilimia 5. Haikumlazimisha mtu, bei ikafanya kazi, na dizeli ile ikalishika soko karibu lote. California mwaka 1993 iliweka salfa 500, ambayo leo tunaiona nyingi, lakini pamoja nayo ikaweka kikomo cha aromatiki cha asilimia 10. Wao walianza na upande ambao sisi hatujaufikia. Ulaya iko kati: salfa 10, na zile zenye duara nyingi zisizidi asilimia 8. Hapa kwetu nimesoma mabango ya vituo, nimesikiliza matangazo ya EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Kenya, kila tarehe 14 ya mwezi, na sijasikia neno aromatiki likitajwa na mtu anayeniuzia dizeli.

Sababu naielewa, ni gharama. Kuishibisha duara kunatumia haidrojeni nyingi kuliko kung'oa salfa, na haidrojeni hutengenezwa kwa gesi na moto. Tena ukiongeza joto sana kazi inarudi nyuma, kwa sababu duara zilizoshibishwa huanza kuachia haidrojeni yao. Kwa hivyo inabidi uongeze presha, na presha kubwa inataka chuma nene zaidi. Wanaotaka kushuka chini kabisa huweka pipa la pili lenye kichocheo cha platini na paladi, na madini hayo hayavumilii salfa, kwa hivyo lazima pipa la kwanza liwe limeitoa karibu yote. Ndiyo maana kuitaka dizeli ya 10 ni kuutaka mlango wa kuzifikia aromatiki. Na si ombi la makuu. Uhindi inatumia 10 nchi nzima tangu Aprili 2020, na viwanda vya Jamnagar, Yanbu na Ruwais vinaitengeneza kila siku kwa masoko yanayoidai. Meli hutuletea kile tulichokiandika kwenye zabuni.

Sasa kasoro ambayo inanihusu mimi moja kwa moja: ulainishaji. Kuna maneno barabarani kwamba salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha pampu, na kwamba wakiitoa pampu zitakufa. Nusu yake ni kweli. Pampu ya dizeli haina oili yake. Plunja na bareli hulainishwa na dizeli inayopita humo humo, nafasi kati ya chuma na chuma ikiwa ndogo kuliko unywele. Lakini kilichokuwa kikilainisha ni vitu vingine vilivyomo kwa kiasi kidogo sana, vyenye oksijeni na naitrojeni, ambavyo hushika uso wa chuma. Haidrojeni ikija kuitoa salfa inavisafisha na hivyo pia. Uswidi waliyaona hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, pampu zikaanza kusagika, ndipo viwanda vikaanza kurudisha ulainishaji kwa dawa maalumu, asidi za mafuta au esta zake, kidogo sana kwa kila tani.

Kipimo chake kipo na nakipenda kwa kuwa fundi yeyote anaweza kukielewa. Mpira wa chuma wa milimita 6 unasuguliwa juu ya kisahani, ukiwa umelemewa na gramu 200, ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60. Huenda na kurudi mwendo wa milimita moja, mara 50 kwa sekunde, kwa dakika 75. Kisha kovu lililobaki kwenye mpira hupimwa kwa darubini. Likizidi maikromita 460, dizeli ile ni kavu. Shehena ikipita kipimo hiki, plunja zangu ziko salama hata salfa iwe 10.

Kwa miaka hii sijaona kifo cha pampu nyingi kinachoweza kulaumiwa kwa dizeli ya 50 ikiwa imefika ilivyotoka melini. Nasema hivyo kwa uzito, kwa sababu mwanzoni nilikuwa na hofu, na nilinunua plunja za akiba nikitarajia wimbi. Wimbi halikuja. Pampu zilizokuja zimesagika nilizifungua na kukuta mojawapo ya mambo mawili: maji, au mafuta ya taa.

Mafuta ya taa ndiyo adui mkubwa wa bidhaa hii. Yana ulainishaji hafifu, hayo kila fundi anayajua. Lisilosemwa ni hesabu ya salfa. Mafuta ya taa ni ndugu wa mafuta ya ndege, na kiwango cha kimataifa cha mafuta ya ndege kinaruhusu salfa hadi 3,000. Chukua dizeli safi ya 50, itie mafuta ya taa yaliyofika ukomo huo, lita 2 tu kwenye kila 100. Hizo mbili zinaongeza kama 60, na mchanganyiko unapita 100. Kazi yote ya presha na haidrojeni aliyoifanya mtu jangwani imefutwa kwa ndoo moja, usiku, nyuma ya kituo. Kuna kituo kimoja kwenye njia kuu ambacho sitakitaja. Madereva waliojaza hapo waliniletea pampu zenye alama zinazofanana, uso wa plunja umekwaruzika kwa urefu na kung'aa mahali pasipofaa. Wote walisema bei ilikuwa chini kidogo kuliko ya jirani. Tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, iliyowekwa 2018, iliziba mwanya mkubwa kwa kuondoa faida ya kuchanganya, na nilipata nafuu ya kuonekana karakanani. Iliwaumiza wanaopikia mafuta hayo, hilo lazima lisemwe pia. Kwa upande wa injini ilifanya kazi.

Mteja hawezi kupima salfa kwa macho wala kwa pua. Rangi haisemi kitu. Salfa hupimwa maabara, kwa mashine ya miale. Unachoweza kukiona mwenyewe ni maji na uchafu: chota kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie, uiangalie dhidi ya mwanga. Dizeli nzuri huonekana angavu. Ikiwa na ukungu, usiimimine. Pwani yetu ina unyevu mwingi, tangi lililo nusu tupu hutoa jasho ndani, na maji hukaa chini kabisa, pale pampu inapovuta.

Kuna jambo la sili pia, na hapa aromatiki zina upande wa kutetewa. Mpira wa kawaida wa oringi hunywa aromatiki na kuvimba kidogo, na kuvimba kule ndiko kunakoziba. Ukibadilisha ghafla kwenda mafuta yenye aromatiki chache, oringi iliyozeeka husinyaa na haina unyumbufu wa kurudi. California ilipobadilisha dizeli yake mwaka 1993 magari mengi yalianza kuvuja kwenye pampu, hata gavana akaunda jopo la kulichunguza. Kwetu ilikuwa kidogo. Nilipata pampu za zamani, za mzunguko, zilizotoa jasho la dizeli kwenye mfuniko baada ya 2015, na zote zilikuwa na sili za miaka mingi. Tangu hapo natia oringi za vaitoni, mpira usioathiriwa kirahisi na mafuta. Ni ghali kuliko za kawaida, na mteja akilalamika namwonyesha zote mbili zilizolowekwa kwenye kikopo pale rafuni.

Magari ya kutoka Japani ndiyo yanayonifanya nisiridhike na 50. Kule dizeli ni ya 10 tangu miaka ya 2000, na gari linalotua Kilindini lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi na kichocheo mbele yake. Mfumo ule ulitengenezwa kwa salfa ya 10. Kwa 50 unafanya kazi, ila salfa huchosha kichocheo na chujio hujaa haraka, hasa kwa anayeendesha Nyali hadi mjini na kurudi bila safari ndefu ya kulipasha joto. Kisha anakuja mtu anamwambia alikate chujio alitoe. Mimi silikati. Gari lililokatwa chujio linarudisha hewani masizi yote ambayo tumelipa pesa nyingi kuyapunguza, tena kwenye foleni ya Kibarani, ambako watu wamekaa ndani ya matatu madirisha wazi.

Meli zilizoegeshwa pale Kilindini, kwa kulinganisha, zinaruhusiwa tangu 2020 kuunguza mafuta yenye salfa ya nusu asilimia, yaani 5,000. Ni mara mia ya lori linalosubiri kontena lango la pili. Sijui nani anaishi karibu na bandari asiyejua harufu hiyo.

Bei sitaijadili sana, maana EPRA ndiyo inayoiweka na hakuna dizeli chafu ya bei nafuu iliyo halali ya kulinganisha nayo. Kwa lita moja nguvu hupungua kidogo mafuta yanaposafishwa, kwa kuwa yanakuwa mepesi. Kwa hii ya 50 tofauti ni ndogo mno dereva asiitambue. Dizeli ya Uswidi ndiyo inayoonyesha upungufu wa asilimia chache, kwa ajili ya wepesi wake. Ningeulipa upungufu huo.

Ushauri wangu kwa kila mnunuzi, kulingana na anachoendesha. Mwenye lori la zamani la pampu ya laini, yenye plunja zilizopangwa mstari mmoja: jaza dizeli ya kituo unachokiamini, badilisha sili kabla hazijavuja, na usirefushe muda wa kubadilisha oili kwa sababu tu umesikia salfa imepungua, maana masizi bado yanaichafua. Mwenye matatu ya komoni reli, ambamo injekta zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa: filta halisi na kumwaga maji ya sepereta (kitenga maji) kila wiki, kwa sababu injekta zake zinafanya kazi kwa presha ambayo tone la maji linaichimba ncha. Mwenye gari la chujio la masizi: mara kwa mara litoe barabara kuu, hadi Mariakani na kurudi, bila kusimama simama, na nunua oili yenye majivu machache kama kitabu cha gari kinavyotaka.

Na wenye tuktuk, ambao wengi mnatia kifuniko cha oili ya tu-stroki kwenye tangi ili kulinda pampu: kwa mashine zenu za zamani haidhuru, lakini dizeli iliyopita kipimo cha kovu haihitaji hiyo pesa. Gari lenye chujio la masizi lisitiwe kamwe, kwa sababu majivu ya oili ile hayaungui, na chujio likishajaa majivu hakuna safari ya Mariakani itakayolizibua.